Herufi zinasomeka, maneno hayatuelei: jibu kuhusu maandishi ya Meroe

"Assalaam aleikum, Mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa baharia, na katika miaka ya sabini, meli yao ilipokuwa ikitia nanga Port Sudan, alinunua kipande cha jiwe chenye ukubwa wa sahani, kilichochongwa mistari ya maandishi pembezoni. Sasa kiko kwetu hapa Mombasa. Kijana wangu amenionyesha video inayosema kwamba haya ni maandishi ya Meroe, kwamba herufi zake zimejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba wataalamu wa Ulaya wanaijua maana yake ila wanaificha kwa sababu ingedhihirisha ukubwa wa Waafrika. Video nyingine inadai kwamba akili mnemba imekwisha kuyafasiri yote. Mimi mwenyewe nimesoma mahali kwamba kwa lugha hiyo 'ato' ni maji na 'at' ni mkate, nikaona yanafanana na 'mto' na 'mkate' wetu. Je, lugha hii si ndugu ya Kiswahili? Na kama herufi zinasomeka, kwa nini maandishi hayaeleweki? Mwisho, nilisugue jiwe kwa siki ili nilione vizuri, au nimpe mtu ambaye tayari amenitajia bei?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na lile lisilongoja: usilisugue jiwe kwa siki, wala kwa ndimu, wala kwa sabuni, na usimpe mtu yeyote aliyekutajia bei. Sababu zake nitazieleza nitakapolirudia jiwe lenyewe. Nadhani hata hivyo swali linalokusumbua zaidi ni lile la kati, kwa maana ndilo lililozaa mengine yote: yawezekanaje maandishi yakasomeka kwa miaka zaidi ya mia, herufi kwa herufi, na bado yasieleweke? Mtu akilikosa jibu la hilo, ni rahisi sana aamini kwamba kuna kitu kinafichwa.

Ukitazama vizuri, jibu unalo kutoka utotoni. Mtoto wa miaka saba aliyehitimu juzuu ya Amma chuoni husoma bila kukosea irabu, kila herufi akiitoa mahali pake, na anayemsikiliza hawezi kusema kwamba mtoto yule hasomi. Lakini ukimsimamisha katikati ya aya na kumuuliza neno alilolitamka lina maana gani, atakutazama tu. Kujua mwandiko ni elimu moja, na kujua lugha iliyoandikwa kwa mwandiko huo ni elimu nyingine. Wataalamu wa Meroe, nami nikiwa mmoja wa wanafunzi wao, tuko katika hali ya mtoto yule, ila yeye ana mwalimu mbele yake na tafsiri iko rafuni, ilhali sisi mwalimu wetu wa mwisho alifariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na tafsiri haijapatikana.

Meroe ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Kushi, kando ya Nile, kiasi cha kilomita 200 kaskazini mashariki ya Khartoum ya leo. Wafalme na malkia wake walizikwa hapo chini ya piramidi tangu karne ya tatu KK, na ufalme ulianguka katika karne ya nne BK. Kwa muda mrefu Wakushi waliandika kwa lugha na hieroglifi za Misri, kisha, kufikia karne ya pili KK, walikuwa wamebuni mwandiko wao wenyewe kwa ajili ya lugha yao wenyewe. Waliuandika kwa sura mbili: ya hieroglifi, iliyotumiwa hasa kwa mambo ya wafalme na miungu, na ya mkono, iliyotumiwa kwa mengine yote na ambayo ndiyo iliyoandika sehemu kubwa ya maandishi tuliyonayo.

Aliyezifungua herufi hizo ni Francis Llewellyn Griffith, mtaalamu wa mambo ya Misri wa Oxford, ambaye alichapisha matokeo yake makubwa mwaka 1911. Ufunguo wake ulikuwa mdogo sana. Pale Wad Ban Naqa, mji wa kale wa Kushi, palikuwa na kitako cha jiwe cha kuwekea mashua takatifu, ambacho sasa kipo Berlin, na juu yake majina ya Mfalme Natakamani na Malkia Amanitore yameandikwa kwa hieroglifi za Misri na kwa zile za Meroe. Kwa kuwa za Misri zilikuwa zikisomeka, Griffith aliweza kulinganisha sauti kwa sauti, kisha akaendelea kwa majina mengine ya watu, miji na miungu, mpaka mwandiko wote ukawa wazi. Lakini zingatia, ndugu yangu, alichopewa na jiwe lile: majina mawili. Jina hukufundisha sauti tu, halikufundishi lugha.

Mwandiko wenyewe una alama 23 na ni wa akili sana. Kila alama ya konsonanti hubeba irabu a ndani yake, hivyo alama ya k peke yake husomwa "ka", na ukitaka irabu nyingine unaiandika baada ya konsonanti hiyo. Kuna alama nne zilizotengwa kwa silabi nzima, nazo ni ne, se, te na to. Maneno hutenganishwa kwa nukta zilizopangwa wima, jambo ambalo Wamisri hawakuwa nalo. Ilichukua muda kulifahamu hili, kwa kuwa Griffith aliudhani mwandiko huu kuwa alfabeti ya kawaida, na ni katika miaka ya 1970 ndipo Mjerumani Fritz Hintze alipodhihirisha namna silabi zinavyofanya kazi. Chukua neno "kdke", ambalo kwa kanuni hiyo ni ka-da-ke. Wakushi hawakuandika n inapotangulia konsonanti nyingine. Irudishe mahali pake, utapata "kandake", cheo cha mama au dada wa mfalme na cha malkia watawala, ambacho wasomaji wa Biblia wanakikuta katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, katika habari za yule mwekahazina wa Kushi aliyekuwa akisoma kitabu cha nabii garini. Huwa naguswa kila mara nikikumbuka kwamba swali aliloulizwa na Filipo lilikuwa kama yanamwelea anayoyasoma.

Tabia ya kuiacha n usiione ngeni, kwani wazee wetu wa pwani walifanya vivyo hivyo walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika nyaraka nyingi za zamani, neno lililoandikwa kwa ba mbili na alif katikati na mwishoni linaweza kuwa baba, papa, bamba au pamba, na msomaji huchagua kwa kuwa anakijua Kiswahili na anaona habari inahusu nini. Lugha iliyo kichwani mwa msomaji ndiyo inayoziba mapengo ya mwandiko. Sasa fikiria nyaraka zile zikisomwa na mtu asiyejua hata neno moja la Kiswahili, katika ulimwengu ambao hakuna Mswahili aliyebaki wa kuulizwa. Hapo ndipo tulipo na Meroe.

Miandiko mingine ya kale ilifumbuliwa kwa sababu ilipata mojawapo ya misaada miwili. Champollion, aliyezifumbua hieroglifi za Misri mwaka 1822, alikuwa na jiwe la Rosetta lenye habari moja kwa Kimisri na kwa Kiyunani, na zaidi ya hilo alikijua Kikopti, mtoto wa Kimisri cha kale, ambacho bado husomwa kanisani mpaka leo. Michael Ventris, mwaka 1952, hakuwa na jiwe la lugha mbili, lakini mwandiko aliokuwa akiuchunguza, ule wa Linear B wa Krete na Ugiriki, uligeuka kuwa Kiyunani, lugha inayojulikana kwa ukamilifu. Kwa Meroe hakuna jiwe refu la lugha mbili lililopatikana, na lugha yenyewe haikuacha mtoto. Ilizimika baada ya ufalme kuanguka. Mfalme Kharamadoye aliacha maandishi kwa mwandiko huu katika hekalu la Kalabsha katika karne ya tano, na baada ya hapo ni kimya.

Kuna kikwazo cha tatu ambacho video hazikitaji. Tunayo maandishi takriban 2,000, idadi inayoonekana kubwa, lakini sehemu kubwa sana ni ya makaburini, na ya makaburini hurudia jambo moja. Huanza kwa kuwaita Isis na Osiris, miungu ya asili ya Misri, kwa majina "Wosi" na "Sorey", kisha jina la marehemu, kisha mama aliyemzaa na baba aliyemzaa, kisha vyeo vya jamaa zake, kisha dua ya kumwombea "ato mhe", maji tele, na "at mhe", mkate tele. Dua hiyo twaijua karibu neno kwa neno, kwa sababu inarudiwa mara mamia na kwa sababu juu ya meza za sadaka imechorwa miungu ikimimina maji, kwa hiyo picha hutusaidia kuyaelewa maneno. Twajua pia "qore", mfalme, "kdi", mwanamke, "abr", mwanamume, na vyeo kadhaa vilivyoazimwa kutoka Kimisri. Jumla ya maneno ambayo maana yake ni ya uhakika, ukiyaacha majina, ni kama mia moja. Jaribu kujifunza Kiswahili kwa kusoma mawe ya makaburi peke yake: utajua "alizaliwa", "alifariki" na "Mwenyezi Mungu amrehemu", lakini hutaweza kumuuliza mtu njia ya kwenda sokoni.

Na maandishi marefu yapo, jambo ambalo ndilo linaloniuma. Mwaka 1914 John Garstang alichimbua Hamadab, kusini kidogo ya Meroe, bamba kubwa la jiwe la mchanga ambalo sasa lipo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, lenye mistari zaidi ya 40, yenye majina ya Malkia Amanirenas na mwana mfalme Akinidad. Katika miaka ya 20 KK Wakushi walipigana na Warumi mpakani mwa Misri. Habari ya vita ile tunayo kwa kalamu ya Strabo, mwandishi wa upande wa Roma, anayemtaja kandake mwenye jicho moja na kusimulia jinsi gavana Petronius alivyoshambulia mpaka Napata, mji mwingine mkubwa wa Kushi. Tunacho pia kichwa cha shaba cha Kaisari Augusto, kilichokutwa Meroe mwaka 1910 kimefukiwa chini ya ngazi, ili kila apandaye amkanyage. Wapo wanaoamini kwamba bamba la Hamadab linaisimulia vita hiyohiyo kutoka upande wa Kushi, na kwamba neno "Arome" lililomo humo ni Roma. Huenda ni kweli. Kauli ya Waafrika wenyewe, waliyoiandika kwa lugha yao na kwa mwandiko wao, imesimama mbele ya macho yetu, tunaweza kuitamka mstari kwa mstari, na hatujui inasema nini.

Sasa nalijia lile la kufichwa. Shaka yako haikutoka hewani, na sitakuambia kwamba ni upuuzi. George Reisner, Mmarekani aliyechimba piramidi za Kushi mwanzoni mwa karne iliyopita, aliamini kwamba watawala wake walikuwa na asili ya Libya, kwa kuwa hakuweza kukubali kwamba Waafrika weusi walijenga vile, na mawazo ya namna hiyo yaliichelewesha elimu ya Kushi kwa miaka mingi. Lakini kudharau na kuficha si jambo moja. Maandishi haya yamekusanywa Paris tangu miaka ya 1960 chini ya Jean Leclant, yakapewa namba, na kuchapishwa kwa picha mwaka 2000, hivi kwamba yeyote anayeyataka anaweza kuyakagua. Wanazuoni wa Sudan wenyewe, akiwemo Abdelgadir Mahmoud Abdalla, wameifanyia kazi lugha hii kwa miaka mingi. Kama maana ingekuwa inajulikana, ingetosha mtu mmoja kati ya hao wote kuisema, na angekuwa maarufu kuliko Champollion.

Kuhusu "ato" na "mto", naomba univumilie, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hupotea. Neno "mto" si kitu kimoja: wingi wake ni "mito", maana yake m- ni kiambishi cha ngeli na kiini ni -to. "Mkate" vilevile ni -kate. Ili kuyaunganisha na "ato" na "at" itakubidi ueleze ile a ya mwanzo imekwenda wapi katika moja, na k imetoka wapi katika jingine, na maelezo hayo yafanye kazi kwa maneno mengine pia. Kufanana kwa sura hakuthibitishi kitu. Katika Kimbabaram, lugha ya Queensland, Australia, mbwa aliitwa "dog", sawasawa na Kiingereza, na ni sadfa tupu. Kinachothibitisha undugu ni mpangilio unaojirudia. Wewe wa Mombasa unajua kwamba palipo na ch ya Kiunguja, Kimvita mara nyingi kina t: mchele ni mtele, kucheka ni kuteka, na palipo na nj kina nd: njia ni ndia, njoo ni ndoo. Kwa hiyo "kuchinja" na "kutinda", ambayo mgeni angeyaona hayafanani kabisa, sisi tunajua ni neno moja, kwa sababu kanuni zote mbili zinatimia humo.

Kwa njia hiyohiyo Claude Rilly, Mfaransa, katika vitabu vyake vya mwaka 2007 na 2010, ameonyesha kwamba lugha ya Meroe ni ya jamii ya Kisudani cha Mashariki, tawi la kaskazini, pamoja na lugha za Kinubi za Nile, Kinara cha Eritrea, Kinyima cha milima ya Nuba, na Kitama cha mpakani mwa Chad na Darfur. (Usiichanganye Kinubi ya Nile na Kinubi ya Kibera, ambayo imetokana na Kiarabu.) "Wle" ya Meroe ni mbwa, na katika baadhi ya lugha za Nile mbwa ni "wel", lakini Rilly hakuishia hapo, alitafuta kanuni za sauti kwa maneno mengi. Mimi naona hoja yake ina nguvu kuliko zote zilizotangulia. Ikiwa ni sahihi, basi ndugu wa mbali wa lugha ya Meroe katika Afrika Mashariki si Kiswahili wala lugha nyingine ya Kibantu, bali Kijaluo, Kimaasai na Kikalenjin, ambazo ni za tawi jingine la jamii hiyo pana. Umbali wenyewe ni wa maelfu ya miaka, kwa hiyo hata Mjaluo hatayaelewa mawe yale kwa kuyasikia tu.

Akili mnemba haijayafasiri. Mwaka 2010 watafiti wa Massachusetts walionyesha kwamba kompyuta inaweza kukifumbua Kiugariti, lugha ya kale ya Syria, kwa kukilinganisha na Kiebrania, ndugu yake wa karibu, na mwaka 2019 kazi kama hiyo ikafanyika kwa Linear B na Kiyunani. Katika hali zote mbili lugha ya pili ilikuwa inajulikana na jibu lilikuwepo la kupimia. Programu hujifunza kwa wingi wa maandishi, na hapa maandishi ni machache na yanajirudia. Ukiilazimisha itoe tafsiri, itakupa sentensi nzuri ambayo hakuna awezaye kuipima. Kompyuta inafaa kuhesabu, kupanga na kutafuta mahali neno linapojirudia, na kazi hiyo ina thamani.

Ukiniuliza matumaini yangu yako wapi, nitakujibu kwamba yako chini ya ardhi na katika vinywa vya wazee. Mchangani bado mna maandishi, kwani uchimbaji wa miaka ya karibuni pale Sedeinga, kaskazini mwa Sudan, umetoa mengine mapya. Lakini Kinyima na Kitama ni lugha za watu wachache ambazo hazijaandikiwa kamusi za kutosha, na vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023 vimewatawanya wasemaji wake na kuliacha Jumba la Taifa la Makumbusho la Khartoum likiporwa. Neno moja la shambani analolikumbuka bibi kizee mkimbizini linaweza kuwa ndilo linalokosekana katika mstari wa Hamadab, na hakuna aliyekaa naye kuliandika.

Basi tulirudie jiwe lako. Maandishi yanayozunguka pembezoni ni kawaida ya meza za sadaka za Meroe, lakini siwezi kukuambia ni la kweli au ni la kuiga kwa maelezo peke yake, na bandarini vitu vya kuiga viliuzwa siku zote. Siki ni asidi. Hula chokaa, na jiwe la mchanga nalo mara nyingi limeshikwa kwa chokaa, hivyo ungezifuta kingo za herufi na mabaki ya rangi kama yapo. Ukitaka kuona vizuri, zima taa usiku na umulike tochi kutoka ubavuni, karibu sawa na uso wa jiwe; vivuli vitazionyesha herufi. Tazama kama kuna nukta zilizopangwa wima kati ya maneno, ingawa mwigaji hodari naye huzinakili.

Baada ya hapo hili si jambo la kumalizana kwa barua. Nenda na picha, si jiwe, kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Fort Jesus, uwaeleze lilivyofika kwenu. Huenda wakakuambia kwamba lilitoka Sudan bila kibali na kwamba ni sahihi Sudan ijulishwe. Hilo halimtii babu yako aibuni, kwani mabaharia wengi walinunua vitu kama hivyo kwa nia safi. Anayekutajia bei hataki kujua limetoka kaburi gani, na likiingia mikononi mwake halitasomwa tena na mtu yeyote.

Ukipiga picha, weka rula kando ya jiwe, piga kila upande, hata wa chini usio na maandishi. Kisha, kabla wazee wa nyumbani hawajasahau, andika kila wanalokumbuka: mwaka, jina la meli, aliyemuuzia, na kama aliwahi kumtajia babu kijiji lilikookotwa. Hata jina la kijiji likiwa limeharibika matamshi, liandike vilevile mnavyolisikia.